Mahali Salama pa Pampu

Mtaani walimwita Kufuli, na jina hilo hakupewa bure, alilitolea jasho. Tangu ujana wake mpaka anastaafu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, na aliyetaka hata sindano ya kushonea alisimama kwanza mbele ya dirisha lake aeleze anaipeleka wapi. Alipostaafu alirudi nyumbani na tabia yake yote. Kabati la vyombo lilikuwa na kufuli, mfuniko wa tangi la maji ulikuwa na kufuli, na kopo la sukari alilitoboa matundu mawili akalipitishia kufuli dogo la begi. Mkewe alisema siku Mungu atakapomkabidhi mzee huyu jua, dunia itakaa gizani mpaka yeye akumbuke alikoweka ufunguo.

Kilichomkosesha usingizi lakini hakikuwa sukari. Figo za mkewe zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa wiki alikaa kwenye kiti cha hospitali, damu yake ikatoka, ikapita kwenye mashine, ikasafishwa na kurudi. Kwenye mkono wake wa kushoto daktari alikuwa ameunganisha mishipa miwili ili sindano zipate pa kuingilia, na tangu hapo mkono ule ukawa na mvumo. Ukiweka vidole juu ya ngozi ulisikia kitu kinatetemeka ndani, kama paka anayekoroma. Nesi aliwaambia kwamba mvumo ukiwepo njia iko wazi, na ukinyamaza wakimbie hospitali bila kungoja. Kwa hiyo kila asubuhi, hata kabla ya salamu, Kufuli aliweka vidole vyake pale, akatulia, kisha akasema, "Upo."

Mkewe naye akajibu, "Nipo." Ndipo siku yao ilipoanza.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa pili wa mlima, na viti vya mashine vilikaliwa kwa zamu. Ukichelewa, muda uliopotea umepotea, maana nyuma yako yuko mgonjwa mwingine amekaa kwenye benchi anakitazama kiti. Muda ukipungua, maji yanabaki mwilini, miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi. Magari ya abiria ya njia ile yalijaa yakiwa bado stendi, na mtu anayetoka kwenye mashine hana nguvu ya kusimama amening'inia kwenye bomba. Walichokuwa nacho ni pikapu yao kuukuu, na Kufuli aliilinda kuliko sukari. Hata boneti yake ilikuwa na kufuli. Siku injini ilipokata roho, alikaa kwenye ngazi ya mlango akiwa ameshika ufunguo ambao haukuwa na kazi tena.

Aliyewatoa kwenye shimo hilo ni mdogo wake mkewe, fundi magari mwenye gereji ya mabati na mdomo usio na breki. Shemeji huyu alikuwa amekwenda kupimwa mapema kabisa, dada yake alipoanza kuugua, ili ampe figo moja, na vipimo vikakataa. Jambo lile lilimuuma, na hakulisema kwa mtu. Sasa alisikia kuna gari limegongwa nyuma likabondeka, lakini injini yake ni nzima kabisa. Aliinunua, akaja nayo nyuma ya gari la kukodi akiwa ameikalia, akamwita dada yake nje.

"Figo walinikatalia nisikupe," alimwambia. "Hii hawawezi kunikatalia."

Dada mtu alilia, Kufuli akajifanya anakagua boliti, akaziinamia muda mrefu mno.

Kubadili injini si kama kubadili shati. Ile ya zamani ilikuwa ya kabureta, na pampu yake ndogo ilikaa ubavuni mwa injini ikinyonya petroli taratibu, bila haraka. Hii mpya ilikuwa ya nozeli, vijidomo vya kupulizia mafuta, na ilitaka petroli iletwe kwa nguvu. Magari ya injini za namna hii huwa na pampu iliyozama ndani ya tangi, lakini tangi la pikapu lilikuwa bapa lenye mdomo mwembamba, pampu isingepita. Ikabidi itafutwe pampu ya kukaa nje.

Walikwenda pamoja kwenye duka la spea la mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, ambaye aliwapangia pampu tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa mpya na iling'aa mpaka unajiona. Ya pili ilikuwa imetumika, imetoka kwenye gari lililochinjwa likauzwa vipande vipande, na hakuna aliyejua imesukuma petroli ya miaka mingapi. Ya tatu ilikuwa nzito na haikuwa na urembo wowote. Kufuli alizihoji kama watu walioomba kazi. Alizipima mkononi, akazinusa, akauliza kila moja inasukuma kwa nguvu kiasi gani na ikiungua mwenye duka ataibadilisha au atageuka kiziwi. Mama alimjibu yote bila kuchoka. Mwishoni alimuuliza gari ni la kazi gani, na alipoambiwa, aliiondoa ile inayong'aa akairudisha kwenye rafu mwenyewe.

"Mzee wangu, chukua hii nzito," alisema. "Ila usisahau, pampu za nje zinajua kusukuma, kuvuta hazijui. Iwekeni chini, jirani na tangi, petroli iifuate yenyewe."

Kufuli aliitikia kwa kichwa, na neno likaishia hapo kwenye kichwa. Walipofika gereji, shemeji akalala chini ya pikapu kutafuta pa kuifunga, Kufuli akamvuta mguu. Chini hapana. Chini ya gari ni uwanja wa wezi. Yeye angekuwa ndani ameshika mkono wa mkewe, na huko nje kwenye maegesho ya hospitali mtu mwenye spana moja angejilaza dakika chache tu akaondoka na pampu. Halafu mgonjwa angerudije nyumbani? Pampu ikae juu, ndani ya boneti, pale pale ilipokaa ile ya zamani, chini ya kufuli.

Shemeji alibisha kidogo. Alisema ile ya zamani ilikuwa mnyonyaji, hii ni msukumaji, na bomba litakuwa refu tena litapita karibu na ekzosi yenye moto. Kufuli alisema amesikia. Mwenye mali ndiye msemaji, na Kufuli ndiye mkubwa kwa umri, kwa hiyo pampu ikapanda juu. Wakajaza tangi pomoni, wakazunguka na pikapu kwenye barabara ya tambarare, na injini iliimba vizuri hata fundi mwenyewe akaanza kujitilia shaka.

Shukrani ya punda ni mateke. Safari ya kwanza ya hospitali walikwenda na kurudi salama, tangi likiwa bado limejaa. Safari ya pili petroli ilikuwa imeshuka nusu na jua lilikuwa kali. Katikati ya mlima, pale pikapu ilipoinua pua, pampu ilianza kulia kwa sauti nyembamba, injini ikakohoa, ikazima. Kufuli aliwasha, ikakataa. Aliwasha tena, ikakataa. Mkewe alijipepea na ukingo wa kanga, na Kufuli alisikia pumzi zake, fupi fupi, na kila moja ilimkata.

Pembeni mwa barabara pale waliishi kwa kupasua kokoto wanawake na wanaume kadhaa, wakiongozwa na mama mmoja mwenye mabega ya kubebea gunia. Hawakuitwa. Waliweka nyundo chini, wakaja wakiwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, wakaisukuma pikapu mlima mzima hadi kileleni, huku yule mama akiwaimbia na kuwatukana wavivu. Kuteremka upande wa pili injini ilipoa, ikawaka. Kufuli alipunga mkono dirishani, hakuthubutu kusimama, maana angezima isingewaka tena. Walifika wamechelewa, na kiti kilikatwa muda.

Shemeji alipoambiwa alikuna kichwa, akasema inawezekana ni pampu, inawezekana ni mahali ilipo. Kufuli alichagua pampu. Alirudi dukani na shemeji, uso umekunjamana, na mama mwenye miwani akambadilishia bila kinyongo. Aliuliza swali moja tu, mmeiweka wapi.

"Mahali salama," alijibu Kufuli. Shemeji alitazama viatu vyake.

Pampu mpya ilizima pale pale, kwenye kona ile ile, na wapasua kokoto walisukuma tena. Safari iliyofuata ikazima tena. Sasa wale watu wakisikia mlio wa pikapu kutoka bondeni walikuwa wanaweka nyundo chini kabla haijatokea. Kufuli aliwapungia mkono na kupita, na kila alipopita bila kusimama aliona aibu. Miguu ya mkewe ilikuwa imevimba hadi ndara za mpira ziliacha alama. Usiku alilala ameegemea mito, kwa sababu akilala chali alihisi anazama. Asubuhi Kufuli aliweka vidole kwenye mkono, akasema, "Upo," na jibu la "Nipo" lilichukua muda kuja. Alianza kufikiri jambo ambalo hakutaka kulifikiri, kwamba anaweza kumpoteza mtu huyu kwenye kona ya barabara, akiwa ameshika usukani.

Siku iliyogeuza mambo, mkewe alikuwa kwenye kiti na mashine ilikuwa ikizunguka. Alisinzia, akaukunja mkono, bomba jembamba lililotoka kwenye sindano likajikunja. Mashine ikapiga kelele. Nesi alikuja bila kukimbia, akaunyoosha mkono, akalinyoosha bomba, kelele ikakoma. Mkewe Kufuli alikuwa mtu wa kupenda kujua, na kwa sababu hana pengine pa kwenda kwa saa kadhaa, alimuuliza nesi mashine ilikuwa inalilia nini.

"Hii pampu ya mashine, kusukuma si taabu yake, mama," alisema nesi. "Kuvuta ndiko kunakoitesa. Njia ya kuingilia ikibanwa, inahangaika. Na ikiona hewa imeingia kwenye bomba, inajisimamisha yenyewe."

Nesi alikwenda kwa mgonjwa mwingine. Mkewe Kufuli alilitazama bomba lake, jekundu, fupi, kutoka kwenye mkono hadi kwenye mashine. Kisha akamgeukia mumewe.

"Pikapu inazima tangi likiwa limepungua, sivyo?"

Kufuli akasema ndivyo.

"Tena wakati wa kupanda, na jua likiwa kali. Na inalia kwanza kabla haijazima."

Kufuli akasema inalia, ndiyo, kama mbu mkubwa.

"Sasa nambie wewe. Mashine yangu hii, mbona wameiweka hapa ubavuni mwangu? Mbona hawakuiweka stoo wakaifungia?"

 Kufuli alitazama lile bomba fupi, na akilini akaliona bomba la pikapu, refu, limeambaa chini ya gari zima, limepita jirani na ekzosi, limepanda hadi kwenye boneti, petroli ndani yake imepata moto na kuanza kutoa mapovu, na pampu juu kabisa ikiramba hewa. Mama wa duka alimwambia. Shemeji alimwambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lililokaribia kuvunjika halikuwa lake.

"Ni mimi," alisema polepole. "Nimeifungia mbali na chakula chake."

"Najua unaogopa isiibwe," mkewe alisema. "Mimi naogopa isizime."

Kufuli aliinama juu ya kiti, akaweka paji lake la uso kwenye kiganja cha mkono wa kulia wa mkewe, ule usio na sindano, akamshukuru. Alimshukuru kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine, yeye ambaye kwa maisha yake yote shukrani nazo alizitoa kwa kupima. Alisema kwamba yeye ndiye mzima na ndiye mwenye usukani, na aliyetengeneza gari ni aliyelazwa. Mkewe alimwambia aache kumlowesha mkono, watu watadhani mashine inavuja.

Kesho yake asubuhi Kufuli alifika gereji kabla ya mwenye gereji. Shemeji alipokuja na kusikia habari, mdomo wake usio na breki ulipata breki kwa mara ya kwanza. Hakusema si nilikuambia. Alisema tu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akamtupia gunia la kulalia, na mzee na utu uzima wake akaingia chini ya pikapu kushika tochi. Walifunga pampu kwenye chasi, fremu ya chini ya gari, nyuma, chini kuliko tangi, karibu kiasi cha kwamba bomba la kuingilia lilikuwa fupi kama mkono wa mtoto. Kabla ya pampu waliweka chujio la kuzuia uchafu. Waya waliupitisha mahali pakavu, na juu ya pampu walifunga kikinga cha bati dhidi ya mawe na matope.

Kufuli alitoa kufuli mfukoni. Shemeji alilitazama, akamuuliza chujio likiziba njiani naye amesahau ufunguo nyumbani watafanyaje, wataliimbia kufuli? Mzee aliligeuza kufuli mkononi mara kadhaa. Kisha akalirudisha mfukoni, akaomba boliti.

Walipogeuza ufunguo bila kuwasha injini, kutoka nyuma kulisikika mvumo mfupi, mzito, uliotulia. Haukuwa na kilio ndani yake. Kufuli alikuwa bado amelala chini, na aliinua mkono akaweka vidole juu ya kile kikinga cha bati.

"Ipo," alisema, na shemeji aliyekuwa kwenye usukani hakuelewa mzee anaongea na nani.

Siku ya hospitali Kufuli aliacha tangi likiwa chini ya nusu, kwa makusudi. Shemeji alikuwa ameipandisha pikapu mlima mwingine siku iliyopita, tangi karibu tupu, na ikapanda, lakini Kufuli alitaka kuujua mlima huu wenyewe. Waliondoka mapema zaidi ya kawaida, ili kama ni kusukumwa, muda uwepo. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Mkewe alikaa kando yake, miguu imewekwa juu ya begi, wakaanza kupanda. Bondeni mlio wa pikapu ulitangulia, na walipotokea kwenye kona waliwaona wapasua kokoto wameshaweka nyundo chini, wamesimama kando ya barabara, wengine wanajifuta viganja kwenye nguo.

Pikapu iliinua pua. Kufuli alisikiliza mpaka masikio yakamuuma. Injini iliongeza nguvu, ikashika gia, ikapita mahali pa kuzimia, ikapita mbele ya yule mama wa mabega mapana aliyekuwa ameshanyoosha mikono yote miwili mbele, tayari kusukuma. Alibaki nayo hivyo hivyo hewani. Nyuma yao mtu mmoja alipiga mluzi, kisha wote wakaanza kucheka na kupiga makofi.

Kileleni Kufuli aliegesha pembeni, akavuta breki ya mkono, akageuza ufunguo. Kukawa kimya.

Mkewe alimgeukia, macho yamemtoka. "Imezima?"

"Haikuzima," alisema Kufuli. "Nimeizima mimi."

Alishuka, akarudi nyuma kwa miguu kuteremka mlima, na mkewe akashuka pia, akamfuata taratibu ameshikilia ubavu wa pikapu, kisha akipita ukingoni mwa barabara. Wapasua kokoto walipanda kuwalaki, wakidhani kuna kilichoharibika. Kufuli alisimama mbele yao na ule mdomo wake wa dirisha la stoo, uliozoea kuuliza unaipeleka wapi, leo ukageuka wa kushukuru. Alisema kwamba wamemsukuma siku zote zile na yeye alipita tu kama mwizi, kwa sababu aliogopa kuzima gari. Leo haogopi, ndiyo maana amekuja kwanza kusema asante, na anaomba wamsamehe kwa jinsi ilivyochelewa.

Mama wa mabega mapana alisema hakuna deni, walijua kuna mgonjwa. Alimshika mkewe Kufuli mkono wa kushoto kumpa pole, halafu akaushtukia, akautazama.

"Dada, kuna nini humu? Kinatetemeka."

Mkewe Kufuli aliuchukua ule mkono wenye vumbi la mawe, akauweka vizuri juu ya ngozi, mahali hasa.

"Hiki ndicho mlichokuwa mnakisukuma," alimwambia.

Mama yule hakuondoa mkono wake. Wenzake walikaribia, na mmoja mmoja, kwa woga kidogo, waliomba nao waguse, na mkewe Kufuli aliwaruhusu wote, akiwa amesimama katikati yao na miguu yake iliyovimba, akicheka. Kufuli aliwatazama. Maisha yake yote alikuwa ameweka vidole vyake peke yake kwenye kile alichokithamini.

Walipopanda garini, wale watu walikuja nyuma ya pikapu wakajipanga, maana mazoea yana taabu. Kufuli aligeuza ufunguo nusu, akangoja. Nyuma, chini ya tangi, pampu ikavuma.

"Ipo," alisema mkewe.

Aliwasha, ikawaka, na wapasua kokoto wakarudi nyuma wakipunga. Walifika hospitali mapema, kiti kikiwa bado kitupu, na nesi akawauliza leo wamepata usafiri gani. "Ule ule," alisema Kufuli.